Sabufa Haina Kosa

Spika ya gari ikiungua, mshitakiwa wa kwanza ni spika yenyewe. Konda atasema ni feki, dereva atasema aliyeiuza ni tapeli, na muuzaji, ambaye kesi hizi amezizoea, atashauri inunuliwe kubwa zaidi. Hakuna anayefunua kapeti kuangalia waya. Mimi nashikilia kwamba ugomvi mwingi wa muziki wa garini na botini hauhusu spika hata kidogo. Unahusu volti mbili hivi zinazopotea njiani kati ya injini na amplifaya. Na umeme mdogo una tabia moja mbaya: haunyamazishi muziki. Ungekuwa unaunyamazisha, dawa yake ingeshapatikana zamani. Wenyewe unauchakaza muziki taratibu, kisha unamshawishi mwenye gari aongeze sauti.

Hesabu yake ni fupi. Betri tunayoiita ya volti 12, ikijaa na kutulia, husoma kama 12.6, ikisoma 12.0 imebaki robo hivi. Injini ikiwaka, alteneta huupandisha umeme mpaka kati ya 13.8 na 14.4, na watengenezaji wa amplifaya hupenda kupima wati zao hapo juu, mahali pazuri. Amplifaya ya kawaida volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 12, yaani sehemu moja ya sita tu, nguvu yake hupungua kwa karibu theluthi, kwa sababu nguvu hufuata volti zilizozidishwa kwa zenyewe. Mtu akisikia theluthi imeliwa atadhani abiria wote watageuka kuulizana kulikoni. Wapi! Sikio la binadamu halijui wati. Theluthi hiyo ni kama desibeli moja na nusu, na ndani ya daladala ambayo konda wake anaita Mbagala kwa pumzi zake zote, hakuna atakayeitambua. Kinachotambulika ni besi, kwa kuwa besi hudai umeme mwingi kwa mkupuo. Inaanza kulegea, haigongi kifua tena. Dereva anaongeza sauti. Amplifaya haiwezi kutoa volti ambazo haikupewa, kwa hiyo inakata vilele vya mawimbi ya sauti, mkwaruzo unaingia, na twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, inaanza kupokea nguvu ambayo haikuundiwa. Mjuaji atasema umeme mdogo hauwezi kuunguza spika, maana nguvu imepungua, haikuongezeka. Kweli kabisa. Kinachounguza ni mkono ulioko kwenye kitufe, ila mkono huo umetumwa.

Sasa tuulize volti zinapotelea wapi. Alteneta ni sawa na yule ndugu mmoja mwenye ajira katika ukoo. Mshahara wake unajulikana, tuseme ampea 80, na wanaoutegemea ni wengi: taa, feni, kiyoyozi, wipa, simu za abiria zinazochajiwa, na betri yenyewe. Halafu anahamia mgeni anayekula ampea 40 na kutaka kulishwa kwa wakati. Barabara ikiwa wazi mambo yanakwenda. Kwenye foleni, injini ikizunguka polepole, alteneta huenda ikatoa nusu ya uwezo wake, na ajabu ni kwamba hapo hapo kwenye foleni ndipo muziki hufunguliwa kwa nguvu zaidi, kwani abiria wamechoka na konda anataka kuwafariji. Ukoo mzima unageukia akiba ya betri.

Hata kile kidogo kilichopatikana hakifiki chote. Fundi aliyeharakishwa huchukua waya ule wa soketi za nyumbani, wa milimita za mraba 2.5, akaupitisha chini ya kapeti mita tano hadi kwenye buti. Nyumbani waya huo unafaa sana, kwa sababu kwenye volti 230 ampea zinazopita ni chache. Garini ukipitisha ampea 40, karibu volti moja na nusu zinaishia ndani ya waya, na kwa kuwa umeme haupotei bure, zinageuka joto la karibu wati 60 chini ya miguu ya abiria wa siti ya nyuma, ambaye atamlaumu dereva kwa kuzima kiyoyozi. Waya wa hasi nao umefungwa kwenye bolti yenye rangi, na rangi haipitishi umeme. Usiku dalili huonekana hata kwa aliye nje: besi ikipiga, taa za mbele zinafifia na kurudi, zikifuata ngoma. Balbu za nyuzi zina wivu mkubwa, volti zikipungua asilimia 10 mwanga hupungua kama asilimia 30. Anayekuja mbele anadhani amesalimiwa, naye anakonyeza taa kujibu.

Hapa wenye dawa hujitokeza. Wa kwanza ana amplifaya ya kisasa yenye kujirekebisha, ambayo hutoa wati zilezile hata volti zikishuka. Sawa, lakini wati hizo zinatoka wapi? Amplifaya inayokula wati 1,250 huvuta ampea 87 kwenye volti 14.4, kwenye volti 11 huvuta 114. Kwa hiyo umeme ukiwa mdogo ndipo inaposhika zaidi, volti zinashuka tena, mpaka kwenye 10 hivi kinga yake inawasha taa nyekundu na kuzima kila kitu. Redio inajiwasha upya na sauti ya dada mmoja wa kigeni inatangaza, katikati ya kiitikio, kwamba Bluetooth iko tayari. Wa pili ana kapasita ya faradi moja, yenye namba za buluu zinazong'aa. Ni kifaa halali, husaidia mkupuo mfupi sana. Lakini ikishuka kutoka volti 14.4 hadi 12 inatoa nishati ya kuendesha wati 1,000 kwa sekunde 0.03, yaani besi haijamaliza hata kugonga mara moja. Kinachobaki kuangaza ni namba. Wa tatu anasema boksi limeandikwa wati 3,000. Aangalie ubavuni mwa amplifaya: fyuzi ya ampea 30. Zidisha kwa volti 14, upate 420. Kile kifyuzi cha plastiki kina ukweli kuliko boksi zima.

Baharini ucheshi hupungua. Chukua boti za Nungwi na Kendwa zinazopeleka watalii kutazama jua likizama. Injini ndogo za kupachika nyuma, nyingine hazichaji betri kabisa, na zinazochaji hutoa ampea chache tu. Atakayesema ana sola atazame saa ya kazi yake: safari nzima imepangwa kufuata jua linapoondoka. Betri ya ampea-saa 70, ambayo si vizuri kuishusha chini ya nusu, itaulisha muziki wa wastani wa ampea 15 kwa saa mbili na kidogo. Chumvi nayo iko kazini. Ukifungua kiungo cha waya wa kawaida wa shaba botini, utakuta unga wa kijani umeota kati ya nyuzi na kupanda ndani ya gamba la plastiki, ndiyo maana waya wa baharini hupakwa bati. Volti zinazoliwa na unga huo ni zilezile zinazongojwa na pampu ya kufulia maji ngamani, na redio ya VHF. Redio hiyo kusikiliza hutumia umeme kidogo sana, lakini kurusha sauti kwa wati 25 hutaka ampea tano hivi. Betri ikinywea, nahodha atamsikia kila mtu kwenye chaneli 16, na yeye hatasikika na yeyote. Ndiyo maana mabaharia makini hutenga betri ya kuwashia injini na ya dharura mbali na ile ya starehe, wala hawaoni ni anasa.

Watu wa magari ya matangazo wamelijua hili siku nyingi. Wao hupakia jenereta nyuma, wakaachana na alteneta. Kwa wengine wote kuna testa, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya sabufa moja. Usiipime betri, betri itakudanganya. Ishike kwenye vituo vya amplifaya yenyewe, besi ikiwa inapiga. Ikisoma 11, acha spika, fuata waya. Ikisoma 13.8 na muziki bado ni mbaya, hapo sasa unaruhusiwa kumshuku mwimbaji.