YAH: Pongezi kwa Wachapishaji Wakubwa wa Majarida ya Kitaaluma

Kwa: Wakurugenzi Watendaji wa kampuni husika, popote walipo

Jarida la kitaaluma ni chapisho la mara kwa mara linalotoa matokeo ya utafiti baada ya kupitiwa na wataalamu wengine wa fani hiyohiyo. Philosophical Transactions lilianzishwa London mwaka 1665, na kwa muda mrefu kazi hii ilikuwa mikononi mwa vyama vya wanazuoni ambao, maskini, hawakujua kwamba wamekalia mgodi. Aliyeuona ni Robert Maxwell. Kuanzia 1951, kupitia kampuni yake ya uchapishaji, Pergamon Press, alianzisha jarida jipya kila fani ilipochipuka, akijua kwamba jarida moja haliwezi kushika nafasi ya jingine: maktaba yenye la kwanza italazimika kununua na la pili. Mwaka 1991 aliiuza Pergamon kwa kampuni ya Elsevier kwa pauni milioni 440.

Utaratibu wenyewe unastahili kusomwa taratibu. Serikali au mfadhili hulipia utafiti. Mtafiti huandika makala bila malipo, wenzake huihakiki bila malipo, kisha mwandishi hutia saini kuhamisha hakimiliki. Baada ya hapo chuo chake hulipa ili naye aweze kuisoma. Mkulima akipeleka gunia la mahindi mashineni, akalisaga mwenyewe bila ujira, akatia saini kwamba unga si wake tena, kisha akarudi jioni kuununua, ndugu zake wataitisha kikao. Katika taaluma mtu huyo hupandishwa cheo.

Haishangazi basi kwamba kitengo cha majarida ya sayansi cha Elsevier kimekuwa kwa miaka mingi kikibakiza faida inayozidi asilimia 30 ya mapato yake. Aprili 2012 hata Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho hakijulikani kwa ufukara, kilitangaza kwamba kinalipa karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka kwa wachapishaji wa aina hii, na kwamba hali hiyo haivumiliki.

Matunda ya bei hizo yanaonekana vizuri nchini Liberia. Mwaka 1982 watafiti wa Ulaya waliopima damu ya watu wa nchi hiyo waliandika katika Annals of Virology kwamba Liberia inapaswa kuhesabiwa ndani ya ukanda wa Ebola. Hakuna Mliberia aliyekuwa miongoni mwa waandishi. Mlipuko ulipofika mwaka 2014, walioongoza afya ya nchi waliamini kwamba virusi hivyo ni vigeni kwao, na watu takriban 4,800 wakafa. Aprili 2015 Bernice Dahn, mganga mkuu wa serikali, na wenzake wawili waliandika katika New York Times kwamba kupakua makala moja ya aina hiyo kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Utetezi wa wachapishaji uko wazi: makala haikufichwa hata siku moja. Ilikuwa sokoni wakati wote.

Wakorofi walikuwapo tangu mapema. Kuanzia 1991 wanafizikia waliweka makala zao bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya arXiv, na fizikia haikufa. Tarehe 14 Februari 2002 likatolewa tamko la Budapest kuhusu ufikiaji huria: makala za utafiti ziwekwe kwenye intaneti, kila mtu azisome, azinakili na kuzisambaza bila kulipa, ilimradi mwandishi atajwe. Tamko hilo lingeweza kuwa msiba kwa kampuni hizi. Badala yake msomaji akaachiwa asome bure, na bili ikapelekwa kwa mwandishi. Mwaka 2008 Springer ikainunua BioMed Central, iliyokuwa ikitoza ada ya namna hiyo. Ilipofika Januari 2021, jarida la Nature lilikuwa na bei yake: euro 9,500 kwa makala moja. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini walimfikiria mgema anayepanda mnazi mwenyewe.

Huruma nayo haikusahauliwa. Baadhi ya wachapishaji hufuata madaraja ya Benki ya Dunia: mwandishi wa nchi ya kipato cha chini husamehewa ada yote, wa kipato cha kati ngazi ya chini hupunguziwa tu. Julai 2020 Tanzania ilipanda daraja, na kwa wachapishaji wenye kanuni hiyo msamaha ukageuka punguzo. Mishahara ya wahadhiri haikuarifiwa kuhusu mabadiliko hayo.

Upande wa lugha, historia na fasihi ndiko kwenye kero kubwa zaidi kwa kampuni hizi. Maabara yenye ruzuku inaweza kuingiza ada ya uchapishaji katika bajeti. Mtu anayechambua utenzi hana bajeti ya kuingizia kitu. Kwa kukosa fedha, watu hawa wamezoea kujitegemea. Mwaka 2015 wahariri wa Lingua, jarida la isimu la Elsevier, walijiuzulu pamoja na bodi yao na kwenda kuanzisha Glossa. Jina likabaki kwa mmiliki, wasomi wakaondoka. Mwaka huohuo Open Library of Humanities ilianza kuchapisha kwa michango ya maktaba, bila kumtoza mwandishi. Brazil, kupitia SciELO, ilikuwa imeshaanza kuweka majarida yake wazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata Swahili Forum, jarida la masomo ya Kiswahili linalotolewa Ujerumani, husomwa bure na yeyote mwenye simu, awe Lamu au Lubumbashi. Mapato yanayopotea kwa njia hii hayajaingizwa katika taarifa yoyote kwa wanahisa.

Nakala: Wakutubi wa vyuo vikuu, kwa taarifa na malipo. Wahakiki, kwa kazi, kama kawaida, ndani ya wiki mbili.