Siku Mbili za Mwisho ni za Shangazi

Mtu wa Mbagala akipata likizo ya siku tano Unguja, tatu ni zake na mbili ni za watu. Na hizo mbili ni za mwisho, pale anapokuwa ndiyo kwanza ameanza kujua kichochoro kipi kinatokea wapi. Moja imeshachukuliwa na shangazi wa Chamazi aliyeagiza halua, “ile yenye lozi, mwanangu, usiniletee ile tupu.” Ya pili inagombewa na wifi wa Tandale anayetaka sabuni za karafuu, mjomba wa Bunju anayetaka udi, na mama mwenye nyumba aliyesema, “Usihangaike baba, chochote tu,” kauli ambayo mpangaji yeyote wa Temeke anajua kuwa gharama yake haiko mbali na kodi ya mwezi. Wanaojua kutalii wanaliona jambo hili kuwa ushamba. Mtu amevuka bahari, wanasema, ameikimbia foleni ya Barabara ya Kilwa, amefika kwenye mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, halafu siku za mwisho anazimalizia kubishana bei ya mdalasini kana kwamba yuko sokoni Tandika. Mimi nabisha. Nasema siku hizo mbili ndizo pekee ambazo msafiri wetu anautumia Mji Mkongwe kwa kazi uliyojengewa, na kwamba zile tatu za kwanza, pamoja na picha zake zote, alikuwa anauzungukazunguka tu.

Ushahidi wangu wa kwanza ni mji wenyewe. Haukujengwa ili utazamwe. Seyyid Said alipohamishia makao yake hapo kutoka Maskati, katika miaka ya 1830 na 1840, alifuata biashara, na kila kilichopo kinaonyesha hivyo. Nyumba nyingi za wafanyabiashara zina duka au ghala chini na familia juu. Ule mlango wenye nakshi na misumari ya shaba, ambao leo kila mgeni anauegemea apigwe picha, ulichongwa ili anayekuja kudai au kukopa ajue mapema anabisha kwa mtu wa namna gani. Majahazi yaliletwa na kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka, yakarudishwa na kusi kuanzia kama mwezi wa nne, na kati ya pepo hizo mbili nahodha alikuwa na shughuli ile ile ya mtu wetu wa Mbagala: kukusanya vitu vya watu, kukumbuka nani ametoa hela na nani ameahidi tu, kubishana bei, na kutazama mzigo kwa wasiwasi akijiuliza kama chombo kitaumudu. Tofauti ni moja. Mtu wetu akichelewa anakosa boti ya jioni. Nahodha akichelewa alikosa upepo, na hapo alikaa mpaka msimu mwingine. Siku zake za mwisho hazikuwa na nafasi ya kutazama machweo.

Si kila shehena ya mji ule inachekesha. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sultan Barghash, na pale Mkunazini lilipokuwa likajengwa kanisa la Anglikana. Hapo mtu hushusha sauti, na ni sawa. Lakini hata humo ndani maisha ya kila siku yameingia. Zimo nguzo zilizosimama kichwa chini miguu juu, na wageni husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Askofu Edward Steere alipokuwa hayupo. Msomi anaweza kutaka uthibitisho. Aliyewahi kumwachia fundi nyumba yake ya Bunju akasafiri wiki mbili hahitaji uthibitisho wowote; anachoshangaa ni kwamba nguzo zilifika zote.

Sasa tuzitazame siku tatu za kwanza, zile zinazosifiwa. Msafiri anakwenda Beit-el-Ajaib, kasri la mwaka 1883, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na anapiga picha. Anakwenda Ngome Kongwe, anapiga picha. Anaelezwa vita vya tarehe 27 Agosti 1896 kati ya Waingereza na Sultan Khalid, ambavyo hata kwa hesabu ndefu havikufika saa nzima, na anacheka, bila kujua kwamba baada ya siku tatu atatumia muda mrefu kuliko huo kwenye meza moja ya hiliki. Kubwa zaidi, siku hizo mji haujui yeye ni nani. Ana kofia ya jua, ana simu mkononi, basi anasalimiwa “Jambo!” Hakuna kinachomwingia mtu wa Temeke kama kuambiwa “Jambo” kwa sauti ya kumbembeleza mgeni. Anajibu kwa Kiswahili kirefu chenye “aisee” mbili ndani yake, na matokeo ni kwamba anapandishwa cheo kutoka mzungu kuwa mtu wa Bara, cheo ambacho kina bei yake pia. Siku ya nne haya yote yanakwisha. Hakuna anayemwambia “Jambo” mtu aliyebeba vikapu viwili na mfuko wa salfeti, uso umekunjamana, anauliza kwa nini pilipili manga imepanda tangu jana. Huyo anajibiwa kama mteja, anaambiwa “hakuna faida hapo, wallahi,” na kwa mara ya kwanza anazungumza na mwenyeji kuhusu jambo linalowahusu wote wawili.

Darajani ndiko darasa linakofanyika. Jengo la soko ni la mwaka 1904, na ndani yake pweza na kuku wanauzwa kwa kelele ambazo hazikupungua kwa sababu UNESCO imekuja. Halua inataka utulivu zaidi. Muuzaji anachota kipande kwa ncha ya kisu, anakunyooshea uonje. Kinang’aa kwa mafuta, kinavutika kabla ya kukatika, na lozi moja imekaa juu kama imepigwa chapa. Ukionja umeshanunua, yeye anajua na wewe unajua. Anakupimia, anaishindilia kwenye kikapu cha ukili, anakwambia haitavuja. Itavuja. Itavuja polepole, kwa adabu, na itachagua shati jeupe. Kisha inakuja kazi ya kutoka. Vichochoro vya mji ule havikupangwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka na vikapu. Pikipiki inapita pale unapodhani hata paka angesita, na kila kona inafanana na ile uliyoiacha. Wazee waliokaa barazani na kahawa yao wanakuona ukipita kwenda kulia, wanakuona ukirudi kushoto, na mara ya tatu mmoja anasema tu, “Darajani huku, mwanangu.” Mtu aliyeletwa na mwongozaji hapati hata hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni Kariakoo. Kwa nini, wanauliza, mtu abebe karafuu kutoka Unguja wakati Kariakoo zipo, pengine kwa bei nafuu, na nyingi zimetoka Pemba kama zile zile za Darajani? Kwa kanga hoja yao ina nguvu zaidi. Kanga nyingi zinazotundikwa kwenye maduka ya Mji Mkongwe zimechapwa India au huku bara. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, kimechapa kanga miaka na miaka. Kwa hiyo upo uwezekano wa kweli kwamba kanga ilitoka Ubungo, ikavuka bahari, ikanunuliwa kwa mbwembwe, ikavuka tena, ikafika Mwananyamala ikiwa “kanga ya Unguja.” Nakubali yote hayo, na bado hoja haibomoki. Shangazi hakuagiza karafuu. Karafuu anazo, ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Alichoagiza ni kukumbukwa na mtu akiwa mbali, na hilo Kariakoo hawauzi. Bidhaa za mji ule zimekuwa hivyo tangu zamani: pembe za ndovu zilitoka bara, vitambaa vilitoka Gujarat, tende zilitoka Ghuba, na kisiwa kikatajirika kwa kuvipitisha. Kanga ya Ubungo inayoongezewa thamani kwa kupanda boti ni mwanafunzi mwaminifu wa uchumi huo.

Watasema pia kwamba miji ya kale ya Ulaya inatembelewa kistaarabu zaidi. Sijui ustaarabu huo unapimwa wapi. Paris ililazimika mwaka 2015 kuyaondoa makufuli ambayo wapenzi waliyafunga kwenye daraja la Pont des Arts, baada ya kipande cha ukingo kuanguka kwa uzito mwaka mmoja kabla. Mgeni anauaga mji kwa kuufungia kufuli. Mtu wa Temeke anauaga kwa kuupunguzia mzigo. Venice nayo ilianza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa kuja na kurudi yuro 5 katika siku za msongamano, na mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Zanzibar ikaanza kuwataka wageni kutoka nje ya nchi walipie bima ya dola 44. Sisi hatumo katika tozo hiyo. Tunatozwa na shangazi, na risiti hatupewi.

Kuna anayekuja na hoja ya haki, naye namheshimu: wengi wa Buza, Mtoni na Tandale hawajawahi kuvuka, na hawana likizo wala nauli ya kuvukia, hivyo kuandika juu ya mapumziko Unguja ni kuandika juu ya wachache. Ni kweli. Lakini hapo ndipo ukubwa wa kikapu unapoelezeka. Akienda mmoja, amekwenda kwa niaba ya nyumba sita, na zile nyumba zinajua hivyo hata kama yeye hajui. Angekuwa anatoka mtaa ambao kila mtu husafiri, angerudi na begi la mgongoni. Uzito unaozidi ule wa kawaida pale bandarini Malindi, unaowafanya wapagazi waanze kutaja bei kabla hujauliza, ni orodha ya waliobaki. Na bahari yenyewe inautambua. Boti ikikutana na kusi katikati ya mkondo, wahudumu wakaanza kugawa mifuko ya kutapikia kwa ukarimu unaotia shaka, msafiri ana mikono miwili tu, na karibu kila mara mmoja unabaki kwenye kikapu. Baada ya hapo kuna daladala la Mbagala, ambako konda anakitazama kikapu, anamtazama mwenyewe, anakikadiria nauli ya mtu mzima.

Mwenye akili nyingi atashauri zawadi zinunuliwe siku ya kwanza, ili mwisho ubaki wa kupumzika. Ushauri huu umetoka kwa mtu asiyeijua halua, maana iliyonunuliwa siku ya kwanza haifiki siku ya tatu. Lakini kasoro yake kubwa ni nyingine. Siku ya kwanza maagizo hayajaja. Yanaletwa na zile picha: mlango wa nakshi unawekwa kwenye status asubuhi, Ngome Kongwe mchana, pweza wa Forodhani usiku, na ikifika siku ya tatu habari imeshatoka Tandika ikafika Tegeta, simu zinaanza, “Kumbe upo Unguja, shemeji, na husemi!” Kila picha ya siku za kwanza ni ankara ya siku za mwisho. Anayetaka likizo yake ibaki nzima asiweke picha hata moja. Atarudi na begi jepesi, shati jeupe halina doa, na mtaa mzima utakubaliana kwamba alikuwa Kigamboni.