Utangulizi wa Zuolojia ya Pwani

Mwanafunzi, zima simu, fungua daftari. Leo tunaanza Zuolojia, yaani elimu ya kuzua, ambayo wavivu huichanganya na zoolojia, elimu ya wanyama. Fitina nyingi duniani zimeletwa na watu wasiotofautisha vitenzi vinne vya kuleta kisichokuwapo. Andika.

1. Kutunga. Fasili: kupitisha vitu vingi katika uzi mmoja. Hutungwa shanga, samaki na mashairi. Kanuni ya Uziwazi: mtunzi hana lawama, kwa kuwa uzi wake unaonekana. Mvuvi wa Malindi hupitisha ukindu shavuni mwa changu ukatokea mdomoni. Ukipitia jichoni, huo si mtungo. Suala hilo tutalichambua muhula mzima ujao.

2. Kubuni. Fasili: kuwaza kipya na kukifanya kiwepo. Afanyaye hivyo ni mbuni. Tahadhari! Mbuni wako watatu, na hakimu wao ni ngeli: wabuni huwaza, mibuni huzaa kahawa, mbuni wenye manyoya hukimbia. Aliyewachanganya hawa atoke darasani.

3. Kuvumbua. Asili yake ni kutengua tendo la kuvumbika. Mama wa Kilifi huvumbika ndizi shimoni, zikishaiva, huzivumbua. Hapo ndipo inapozaliwa Kanuni ya Mvumbikaji: pasipo aliyefukia, hapana aliyevumbua. Sasa tuipime. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akakaribishwa na mtawala wa mji, akapewa na rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Mji ulikuwa juu ya ardhi, umejaa wenyewe. Haukuvumbikwa, basi haukuvumbuliwa. Nguzo ya Wareno ingali ufukweni, na mpaka sasa haijajibu hoja hii. Linganisha na Gede, mji uliomezwa na msitu hadi James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948. Hapo mvumbikaji yupo: ni msitu.

4. Kuzua. Fasili: kutoboa tundu mahali pazima, likatoka neno. Madaraja yake ni matatu:

(a) Uzushi-chipukizi. Hutanguliwa na "nasikia". Hauna mwenyewe.

(b) Uzushi-safiri. Nguru wa kilo tatu anavuliwa Malindi. Habari yake inapanda matatu. Ikifika Gede, nguru ana kilo kumi, na ikifika Kilifi ameshaivuta mashua na nahodha wake. Nguru mwenyewe, wakati wote huo, yumo chunguni.

(c) Uzushi-mrithi. Aliyezua amekufa, neno linaishi. Kielelezo: yule rubani wa Malindi husemwa kuwa ni Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Oman. Wanahistoria wengi wamelikataa dai hilo. Lenyewe halijakubali kukataliwa.

Mtihani ni wiki ijayo. Atakayezua marejeo atahesabiwa amefaulu kwa vitendo, amefeli kwa nadharia.