Mada sita za usanifu wa kompyuta, kuanzia ya mteremko hadi ya kukukeshesha

Umejiandikisha semina ya uzamili ya usanifu wa kompyuta, ile isiyo na kitabu, makala tupu? Hongera, na pole. Tuhesabu kurudi nyuma.

6. Sheria ya Amdahl (1967). Asilimia 5 ya programu ikiwa haigawanyiki, hata uipe kore elfu moja, kasi haitazidi mara 20. Wanaotangaza simu za "kore nane!" hawajaisoma sheria hii. Au wameisoma, ndiyo maana wanapaza sauti.

5. Mbinu ya Tomasulo. Mwaka huohuo wa 1967, Robert Tomasulo wa IBM alieleza jinsi maelekezo yaliyo tayari yanavyoweza kupita mbele bila kungoja yaliyokwama. Wazo tamu. Jedwali lake, ambalo lazima ulichore kwa mkono siku ya mtihani, si tamu. Nenda na raba mbili.

4. Joto. Robert Dennard na wenzake walionyesha mwaka 1974 kwamba transista ikipungua ukubwa, umeme inaokula nao hupungua. Raha hiyo ilikwisha katikati ya miaka ya 2000, kasi ya saa ikakwama kwenye gigahezi chache, watengenezaji wakakimbilia kore nyingi. Kilichowangoja huko kimeandikwa namba 6.

3. Ukuta wa kumbukumbu. Watafiti Wulf na McKee waliupigia kelele mwaka 1995, na bado umesimama. Prosesa ya leo ikikosa kitu kwenye kashe, inaweza kungoja mamia ya mizunguko mpaka DRAM, kumbukumbu kuu, ijibu. Ni fundi cherehani hodari ambaye uzi ukimwishia, lazima mtu atumwe Kariakoo, tena saa za foleni. Kashe juu ya kashe, kuleta data kabla haijaombwa, kupeleka hesabu ndani ya kumbukumbu yenyewe: makala nyingi utakazosoma ni ugomvi na ukuta huu, hata zile ambazo kichwa cha habari kinajifanya kusema jingine.

2. Rowhammer (2014). Soma safu moja ya DRAM kwa kurudiarudia haraka, na biti za safu jirani zinageuka. Hujaandika chochote! Watafiti walipima moduli 129, zikaathirika 110. Baada ya hapo utaitazama laptopu yako kwa jicho la pembeni.

1. Kubashiri. Prosesa haingoji kujua programu itaelekea wapi. Inakisia na kutenda kabla. Ikikosea, inatupa matokeo na kujifanya hakuna kilichotokea. Januari 2018, mashambulizi ya Spectre na Meltdown yakaanika kwamba jibu hufutwa ila nyayo hubaki kwenye kashe, na mwenye saa makini anaweza kuzisoma pamoja na siri zako. Kwa miaka mingi tulisifu kasi hiyo na kuipa tuzo.

Tasnifu zipo tele hapa. Ila ukimwambia msimamizi kwamba una dawa isiyopunguza kasi, atauliza swali moja tu: umeipima kwa programu zipi?