Kimbunga Anajifunza Kuanguka

Ndugu yangu mzazi, wewe unayesoma huku sikio moja umeliacha chumbani kwa watoto, naomba nikusimulie, maana yaliyonikuta mimi najua na kwako yako njiani.

Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Pilau limeliwa, nimejinyoosha kwenye kochi, usingizi unaninyemelea. Mara "Haiyaaa!" na mlio wa kioo. Sikuhitaji kufumbua macho kujua ni kioo gani. Ni cha kabati la vyombo, kabati la mninga alilokuja nalo mke wangu kutoka kwao, lenye sahani za kaure zinazosubiri siku ya posa ya binti yetu.

Katikati ya sebule kasimama Kimbunga, miaka 6, mguu mmoja juu, taulo kajifunga usoni yamebaki macho. Dada yake, Wakili, miaka 10, alishaanza utetezi kabla sijauliza. "Baba, mimi nilikuwa adui tu. Steringi ndiye aliyerusha teke, mimi nikainama." Steringi alivaa kiatu cha shule ambacho hakukifunga kamba. Adui kainama, kiatu kimechomoka, kabati limebaki na jicho moja.

Chanzo chake nakijua, naye ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Sisi tunamwita Mjomba Lufufu. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanamkumbuka Lufufu mwenyewe, yule bingwa aliyekuwa akituingizia Kiswahili juu ya filamu za mapigano, adui akifungua mdomo kule Hong Kong unamsikia anatukana kama mtu wa Tandika. Shemeji anaijua kazi ile kwa moyo. Kila Jumamosi anakaa na wapwa zake mbele ya runinga, anazima sauti, anasimulia mwenyewe. Nampenda sana, ndiye aliyewafundisha wanangu kusoma saa. Lakini akiondoka nyumba inabaki na maninja wawili.

Mke wangu, ambaye humu ndani ni Mwenyekiti, hakupiga kelele. Alifagia vioo, akahesabu sahani, zikatimia, akasema, "Hawa watafutiwe mwalimu wakafundishwe. Mtu aliyefundishwa hachezei sebuleni." Nikajaribu kusema kwamba wakifundishwa ndiyo watavunja na kioo cha pili. Haikusaidia. Nyumbani kwetu azimio likishatoka jikoni, utekelezaji ni wangu.

Basi, mchezo gani? Hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili za maisha yangu. Mimi nilitaka karate, na nina sababu. Nikiwa mdogo niliwaona kaka zetu wakitoka Shule ya Zanaki jioni, magwanda meupe wameyakunja na kuyafunga kwa mkanda, wanatembea kimya kama watu waliotoka ibadani. Pale ndipo Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alipootesha karate ya Goju-ryu jijini Dar es Salaam miaka ya 1970. Ule utulivu wao sijausahau. Nilitaka Kimbunga apate walau robo yake.

Wakili alitaka taekwondo. Aliiona kwenye Olimpiki, ambako imekuwa mchezo kamili tangu Sydney mwaka 2000, na kilichomvutia ni wasichana wenye kofia za kinga wanaorusha mateke ya kichwa bila wasiwasi. Mjomba Lufufu alisema ni kung fu, hakuna mjadala. Mwenyekiti alisema mchezo wowote, ila uwe karibu na umalizike kabla ya magharibi.

Mama mkwe alikataa yote. Mama mkwe ni mtu wa Makunduchi, anakuja kutukalia miezi miwili mitatu, na watoto wanamwita Bibi Kogwa kwa sababu kila hadithi yake inaishia kwenye Mwaka Kogwa. Kama hujawahi kufika, ni sherehe ya mwaka mpya wa Kiswahili, mwezi wa Julai. Wanaume wa upande huu wa mji wanatoka kupigana na wa upande ule kwa migomba, halafu banda la makuti linachomwa moto, wanawake wamevaa vizuri wanaimba, na baada ya hapo watu wanakula pamoja. Kila mmoja anatoa uwanjani kinyongo chake cha mwaka mzima.

"Nambie, baba," akaniuliza, mkono umeshika kiuno. "Sisi kwetu tunapigana siku moja kwa mwaka, tena tuna sababu. Huyu mtoto mnataka apigane kila Jumanne na Alhamisi. Ana kinyongo na nani?"

Sikuwa na jibu, ila swali lile nilitembea nalo. Ukweli ni kwamba Kimbunga hana kinyongo na mtu. Ana nguvu nyingi ambazo hazijapata pa kwenda, na ana kichwa kinachotangulia miguu. Na wazazi wengi tunaotafutia watoto mchezo wa kujihami tunafikiria mwizi na mkorofi wa shule, hatumfikirii mtoto mwenyewe alivyo.

Basi tukaanza kuzunguka tukitafuta mwalimu. Mahali pa kwanza tulikaa dakika 15. Watoto walikuwa wamewekwa wawili wawili juu ya sakafu ya saruji, wanapigana kweli, wengine siku yao ya kwanza. Mwalimu alikuwa na fimbo. Mvulana mmoja mnene aliangukia kiwiko, akashika mkono analia, mwalimu akamcheka mbele ya wenzake. Wakili akanivuta shati. "Baba, twende." Tulienda. Nilikasirika njia nzima, na hata leo nikikumbuka uso wa yule mtoto nakasirika.

Mahali pa pili palikuwa pa karate, na palinigusa. Mwalimu mtu mzima, mvi kichwani, sauti ya chini. Watoto wanainama kusalimu, wanapanga mstari, wanahesabu ichi, ni, san, ngumi inakwenda na kusimama kabla ya kufika uso wa mwenzake. Wakili alisimama nyuma ya mstari akaanza kuiga hatua bila kuambiwa. Ile mipangilio ya kata, hatua baada ya hatua, ilikaa kichwani mwake kama mashairi. Kimbunga alivumilia dakika kumi. Ya kumi na moja akauliza kwa sauti kuu, "Vita vinaanza saa ngapi?" Ya kumi na mbili alikuwa juu ya rundo la viti.

Mwalimu yule alimshusha mwenyewe, akaninong'oneza, "Binti niachie. Huyu mdogo kusimama bado kunamtesa. Mpeleke judo kwanza akajifunze kuanguka. Akitulia utamleta." Fikiria, mtu anakataa ada ya mwezi na anakuelekeza kwa mwenzake. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Kumbe kulikuwa na judo vituo viwili tu kutoka kwetu, kwenye ukumbi ambao nilikuwa napita kila siku nikidhani ni ghala. Ndani wametandika mikeka minene inayoitwa tatami. Na hapa niruhusu kidogo, maana nilirudi nyumbani nikasoma mpaka usiku wa manane. Judo ilianzishwa mwaka 1882 na Jigoro Kano, Mjapani wa miaka 21, mwenye umbo dogo, aliyekuwa akionewa na wenzake shuleni. Alianzia kwenye hekalu la Eishoji huko Tokyo, kwenye chumba cha tatami 12. Kano alikuwa mwalimu. Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa akaionyesha Tokyo mwaka 1922, naye alikuwa mwalimu wa shule. Michezo yote miwili ilipita mikononi mwa watu waliozoea watoto, na ukiikuta inafundishwa kwa fimbo na kejeli, jua imetoka njiani.

Somo la kwanza la judo halina mpinzani. Ni kuanguka. Niliangalia kwa makini kwa sababu sikuwahi kudhani kuanguka kuna elimu. Mtoto anachuchumaa, anaweka kidevu kifuani, anaangalia fundo la mkanda wake. Macho yakibaki kwenye mkanda, kisogo hakiwezi kugonga chini. Anajiachia nyuma, mgongo unajiviringa, na kabla hajatua sawasawa mikono yote miwili inapiga mkeka, paa!, viganja chini, mikono haijapanuliwa sana wala haijabanwa mwilini. Kile kipigo kinatawanya uzito, usiangukie mahali pamoja. Na mkono hauwekwi nyuma kuzuia, maana hapo ndipo vifundo na viwiko vinapovunjika. Nikamkumbuka yule mvulana mnene.

Kimbunga alianguka mara arobaini siku ile. Hakuuliza vita viko wapi. Alikuwa mtoto aliyepewa ruhusa ya kufanya kile anachogombezwa kila siku.

Mwenyekiti alikuwa na swali moja tu: wanafundishwa kabali? Hapa mjini tunaijua roba ya mbao ya vibaka, hakutaka ianzie kwake. Mwalimu akamhakikishia kwamba kukaba shingo na kukunja viungo ni mambo ya wakubwa. Watoto wadogo wanaanguka, wanabingirika, wanajifunza kumshika mwenzao na kumlaza chini bila kumwumiza.

Nyumbani sasa. Mwanafunzi wa judo lazima afanye mazoezi, na tatami hatuna. Tuna magodoro. Nikirudi kazini nakuta godoro langu sebuleni, shuka liko mlangoni, Kimbunga anaanguka paa, paa, na Mjomba Lufufu yuko kwenye kochi anasimulia kila mwanguko. Wakili naye, upande wa pili, anapita na kata yake, hataki kuguswa. Nauli mbili, ada mbili, ratiba mbili ukutani. Kimbunga kila siku anauliza mkanda mweusi lini. Nilimweleza kwamba kuna njano na machungwa kwanza, rangi ambazo Mjapani Mikonosuke Kawaishi alizieneza kule Ufaransa ili wanafunzi waone wanapiga hatua. Akasema Kawaishi amechelewesha watu.

Mama mkwe alitazama yote haya kimya, mpaka Jumamosi moja. Mwenyekiti alikuwa anaosha baraza, vigae vimejaa povu. Kimbunga akatoka ndani mbio, kama kawaida yake. Niliona miguu yote miwili inapaa. Nilikuwa mbali, nisingemfikia. Nikaona kidevu kinaingia kifuani. Mikono ikapiga vigae, paa!, maji yakaruka. Akalala pale kidogo, akanyanyuka, akasugua makalio, akauliza, "Mama, umeona?"

Mama mkwe ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alimshika kichwa, akakipapasa kisogo polepole kwa vidole, kulia, kushoto, akarudia tena. Mwaka juzi mtoto wa dada yake aliteleza bafuni akagonga kisogo, akalazwa wiki mbili. Hakutaja. Alisema tu, "Jumanne nampeleka mimi." Na tangu siku hiyo ni yeye anayempeleka, kanga mbili, anakaa kwenye benchi mpaka mwisho.

Kwa hiyo mwenzangu, ukiniuliza mtoto aanze na mchezo gani, nitakwambia mtoto asiyetulia aanze na judo, mwenye kupenda mpangilio karate itamfaa, na kama karibu yako kuna mwalimu mmoja tu aliye mwema, basi chochote anachofundisha ndicho. Kabla hujalipa, nenda ukae kwenye benchi saa nzima. Usiangalie bingwa wao. Mwangalie yule mtoto dhaifu kuliko wote, uone mwalimu anamfanyaje akianguka.

Kioo cha kabati bado. Fundi anataka shilingi 45,000, na Mwenyekiti ameshaamua fedha hiyo ni ya gwanda la pili la judo.