Sifa za Daftari Lililoliwa na Mchwa

Wengine wasifu dhahabu ya Namoya na mpunga wa Kasongo. Mimi nalisifu daftari la etasivili, la kuandikia vizazi na vifo, ambalo halipo, na likiwapo limeliwa na mchwa, na pale ambapo mchwa hawakufika, paa linavuja. Mtu wa Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, anayetafuta cheti cha kifo cha babu yake hana mfadhili mkubwa kuliko daftari hilo.

Kwanza, ni karimu wa miaka. Mzee wetu hana tarehe. Karatasi yake yasema alizaliwa karibu na 1930, basi. Mbele ya mtoza kodi alikuwa mtoto, mbele ya baba mkwe alikuwa mtu mzima, na barazani alikuwa na umri wa kumnyamazisha kila mtu. Maskini Mbelgiji, tangu utotoni amefungwa kwenye tarehe moja mpaka anazikwa nayo!

Kwenye majina nako halina choyo. Ndugu wanne wa tumbo moja wana majina manne yasiyofanana, maana mtoto hupewa jina la babu, la rafiki wa baba au la shida ya mwaka ule. Ikaja 1972, Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na yule ambaye Mapadri Weupe walimwandika Josephus kwa Kilatini akawa mtu mwingine serikalini. Leo mjukuu akiuliza Josephus alikufa lini, daftari linajibu kwamba mtu huyo hakufa. Uzima wa milele, tena bila sadaka.

Bulamatari, yaani serikali ya kikoloni, tukubali, alijitahidi kuuharibu ukarimu huu. Alihesabu wanaume wenye nguvu kijiji kwa kijiji, kwa ajili ya kodi na mashamba ya pamba, na katika hesabu yake kifo kilikuwa upungufu wa mapato tu. Wanawake hawakumsumbua sana. Uasi wa 1964 ulipopita, makarani walijificha porini. Karatasi hazikuwa na miguu.

Lakini sifa kubwa ya daftari hili husemwa kwa sauti ya chini. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, mpaka jeshi la Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, lilipouteka 1893; Kabambare, kituo cha misafara ya kwenda Ujiji, ukaanguka mwaka uliofuata. Watu waliingia humo wakiwa mabwana, wapagazi, watu wa bunduki, masuria, na wale walionunuliwa kwa vitambaa. Maisha ya Tippu Tip mwenyewe yaliandikwa, na twajua alifariki Zanzibar mwaka 1905. Waliobeba pembe zake hawakupata hata mstari. Sasa kaa kwenye baraza lolote, uulize nasaba: kila mtu ni mjukuu wa mwungwana! Zile pembe, inaonekana, zilitembea zenyewe hadi pwani.

Daftari lingekuwapo, nusu ya harusi zetu zingevunjika kabla ya mahari. Halipo, na kwa hiyo watu wanaoana. Bibi mmoja akiulizwa mama yake alitoka wapi, hulikunja pindo la kitenge chake juu ya goti, hulikunjua, hulikunja tena. "Mjukuu wangu, alikuja na barabara." Kisha anauliza kama umekula. Ni chumba gani cha nyaraka, Brussels au kwingineko, kinachouliza kama umekula?

Wako wanaosema Sheria ya Familia ya 1987 imeleta nidhamu, na kwamba tangu 2016 mzazi ana siku 90 za kumwandikisha mtoto. Ni kweli. Ukiwa na mtoto mchanga, na ofisi iko karibu, na karani yupo, na kitabu hakijaisha, jambo hilo linawezekana kabisa.

Kwa marehemu wa zamani kuna njia nzuri zaidi: mahakama. Unaleta mashahidi, jaji anatoa hukumu, hukumu inakuwa cheti. Mashahidi wenyewe ni watu wa miaka arobaini, wamevaa vizuri, na wanaapa bila kupepesa macho kwamba mzee alifariki mwaka 1958, asubuhi, baada ya kuugua kidogo. Mmoja anakumbuka hata mvua iliyonyesha siku ya mazishi.