Sifa za "Bado Kidogo"

Kila mtu ana cha kusifia. Wengine husifia timu ya mpira, wengine husifia ukoo wa wakwe zao mpaka mahari ikamilike. Mimi leo nawasifu wadogo wawili wasiopata msifiaji, ingawa wanafanya kazi alfajiri hadi usiku bila likizo: maneno "bado kidogo." Nimekutana nayo ofisini, gatini na kwa fundi cherehani. Makao yake makuu, hata hivyo, yapo Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, kwenye kibanda kimoja cha chipsi nisichokitaja jina, kwa kuwa nina deni pale.

Kibanda kina kabati la vioo, karai, jiko la mkaa na ukuta wa mbao ulioandikwa kwa rangi ya bluu: CHIPSI, ZEGE, KUKU, SAMAKI, SODA BARIDI, PIZA. Katika vyote hivyo, kilichopo kwa uhakika ni ukuta. Hiyo piza iliongezwa na kijana wa mwenye kibanda alipotoka Zanzibar. Alikuwa akishinda Forodhani akiwatazama wapishi wanavyotanda unga mwembamba kama leso, wakamwaga nyama ya kusaga, kitunguu na yai, wakakunja pembe zote na kukaanga juu ya bati la moto. Akarudi na ujuzi wote isipokuwa unga. Nilipoiagiza mara ya kwanza, mama mwenye kibanda alinieleza bila kona: "Piza ni hiyo hiyo zege, mwalimu, ila tunaikunja." (Zege ni chipsi mayai.) Nikauliza itachukua muda gani. Jibu mnalijua.

Wageni hukasirika. Mmoja aliyeshuka kutoka Songea alitazama saa yake mara nyingi hadi nikaihurumia ile saa. Alisema huko kwenye piza zenyewe watu hawangojeshwi hivi. Ni kweli. Napoli, inakotoka, piza huingia kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 485 na kutoka baada ya sekunde 60 hadi 90, na mwaka 2017 UNESCO iliutia ustadi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa binadamu. Nawapongeza. Ila sekunde 90, kwa Chiwanda, hazimalizi salamu. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, watoto hawajambo, mguu wa bibi unaendeleaje, za shamba, muhogo umekauka? Ukifika kwenye muhogo, piza ya Napoli imeshakuwa mkaa, na hujajua habari za huo mguu.

Wamarekani nao walijaribu. Kampuni ya Domino's iliwahi kuahidi kwamba piza itagonga mlango wako ndani ya dakika 30, la sivyo unapata nafuu. Vijana wa kupeleka wakakimbiza magari, ajali zikatokea, kesi zikafuata, na mwaka 1993 ahadi ikafutwa. Sijasikia mtu wa Chiwanda aliyegongwa na sahani ya chipsi.

Nisiseme haraka haina baraka. Methali hiyo imechoka, na mama wa kibanda huitumia kama chumvi. Nitasema jambo ambalo kila mtu wa ufukwe huu analijua tumboni: muhogo mchungu. Unamenywa, unaloweshwa siku kadhaa hadi ulainike, unaanikwa juani, ndipo unatwangwa ukawa unga wa ugali. Anayekata siku hizo anakula sumu. Sisi tuliolelewa na chakula cha namna hiyo, kisha tukangoja meli ya MV Songea gatini hadi watoto wakazoea kulala juu ya magunia, tutamnunia mtu kwa ajili ya kiazi?

Na tulipopelekewa kitu haraka, tuliona matokeo. Agosti 1914, kule Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akatokea kapteni Mwingereza, Rhoades, na meli yake Gwendolen, akafyatua mzinga. Kapteni wa Kijerumani, aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, alitoka kwa mashua akifoka, kwa sababu habari kwamba vita imeanza Ulaya ilikuwa haijamfikia. Akachukuliwa mateka papo hapo. Ndiyo mara pekee ninayoijua katika ziwa hili ambapo huduma ilimfikia mteja kabla hajaagiza.

Turudi kibandani, maana ndipo utamu ulipo. Jioni moja ya mwezi uliopita nilifika jua likigusa milima ya ng'ambo. Niliagiza zege na nikakaa kwenye benchi la upande wa kushoto. La kulia lina mguu wa tofali. Kwanza mkaa ulikuwa na unyevu. Binti mmoja alikuwa akiupepea kwa kifuniko cha ndoo, akigeuza uso kila moshi ulipomgeukia. Viazi bado vilikuwa na udongo wa Njombe, kwa sababu hapa havimenywi hadi mteja aonekane kwa macho. (Nyuma ya kibanda pana shamba zima la muhogo, hatua kumi tu, ambao ukikaangwa ni mtamu kuliko kiazi chochote. Nikipendekeza naambiwa hicho ni chakula cha nyumbani.) Mtoto akatumwa mayai kwa jirani. "Bado kidogo, mwalimu," akasema mama, na nikaona jinsi neno "kidogo" lilivyonyooka kama mpira wa manati.

Katika hicho kidogo nilijua ni nani anachimba msingi, ni mtumbwi wa nani umerudi bila usipa, dagaa wetu wa hapa, na kwa nini harusi moja imesogezwa. Kijana wa mtumbwi alinieleza kwamba mbalamwezi imewaharibia, usipa hufuata taa usiku wa giza, kwa hiyo nao wanangoja mwezi uondoke. Hakuna gazeti lenye habari hizo. Nilizipata bila senti, na njaa ndiyo iliyonishikilia hadi mwisho wa kila habari.

Kisha kungu wakafika. Hawa ni wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa mawingu kama moshi wa kuchoma shamba. Walizunguka taa ya sola, wakatua kwenye mafuta, wakatua kwenye kachumbari. Yule mgeni wa Songea angelia. Mimi nilimkumbuka Livingstone, ambaye mwaka 1861, akiwa kwenye ziwa hili, alionyeshwa mkate wa wadudu hao waliokandwa na kupikwa, wa mviringo na mpana kama kofia ya wakulima wa kwao Uskoti. Akauonja na hakuona vibaya. Kwa hiyo piza ya Nyasa ilikuwepo zamani, na juu yake hapakuhitajika jibini.

Mnadhani maneno haya yanamnufaisha mwenye kibanda peke yake? Hapo ndipo sifa zake zinapozidi. Juu ya kabati pamebandikwa LEO FEDHA KESHO MKOPO, na kwa kuwa mimi hula kesho, nimekopa mara tatu. Mama huniuliza kwa upole, akifuta meza ambayo haikuchafuka: "Mwalimu, ile hesabu yetu?" Namjibu: "Bado kidogo, mama." Anafungua mdomo, anaufunga. Atasema nini? Sheria ni yake, mimi ni raia tu. Nikijaribu kulipa kwa simu, mtandao nao unazunguka kiduara chake na kutujibu sote wawili kwa lugha ile ile.

Sasa lami imefika Mbamba Bay, kilomita 66 kutoka Mbinga, na safari iliyokuwa ya kutwa, ya vumbi na maombi, imekuwa fupi. Nina wasiwasi. Ipo siku atakuja mtu na tanuri la gesi na saa ya ukutani.

Jioni ile viazi viliiva hatimaye. Mama alivimimina kwenye kikaango kidogo, akavitandaza kwa kijiko, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama daktari anayesubiri kisu. Mkono ukabaki hewani. Mtoto aliyetumwa mayai alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu, akihema.

"Mayai yako wapi?"

"Kuku yumo kwenye kiota, mama," akasema. "Jirani amesema bado kidogo."